Malalamiko Dhidi ya Mfumo Unaoamini Kila Unachoambiwa

Idara ya Kufulia,
Ghorofa ya chini, nyuma ya jiko.
Jumatano, baada ya chai ya saa nne.

Kwa Mkuu wa Idara ya Utumishi,
Ghorofa ya nne, mlango wenye zulia.

Ndugu Mkuu,

YAH: MFUMO WA KUPANGA ZAMU, TABIA ZAKE, NA OMBI LA KUUFIKISHA MBELE YA KAMATI YA NIDHAMU

Kichwa cha barua hii kinajieleza, ila katika miaka yangu ya kazi nimejifunza kwamba barua inayojieleza haisomwi, hivyo itanibidi nieleze. Kabla ya hapo niseme jambo moja ili tusije tukaoneana haya baadaye. Nakuandikia kama mtumishi anavyomwandikia mkuu wake. Kwamba wewe ni mtoto wa dada yangu, kwamba nilikubeba mgongoni ulipokuwa na surua, kwamba neno lako la kwanza hapa duniani lilikuwa "mjomba" (mama yako anakanusha, lakini siku hiyo hakuwepo), hayo yote nayaacha nje ya mlango. Sitaki kupendelewa. Nilijaribu kuja mwenyewe huko juu, katibu wako akaniambia kwamba siku hizi nafasi ya kukuona inaombwa kwenye mfumo. Nikaomba. Mfumo ukanipa tarehe ishirini na tisa ya mwezi ujao, dakika kumi, na ukaniuliza kama nitahitaji mkalimani. Ndiyo sababu nimechukua karatasi na kuandika kwa mkono.

Kwa faida ya jalada: mimi ni msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia cha hospitali hii. Kwa miaka kumi na tisa nimepanga zamu za watu ishirini na watatu kwa daftari la mistari, penseli na raba. Kila Alhamisi alasiri nilibandika karatasi ukutani kando ya makabati ya nguo, na hakuna aliyewahi kulalamika. Wapo walionung'unika, lakini kunung'unika si kulalamika, ni kupumua kwa sauti. Miezi mitatu iliyopita mkatuletea mfumo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasema, tukaupokea kwa makofi na soda. Mpaka leo hatujapona, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mfumo unaamini watu.

Hili ndilo shina, mengine yote ni matawi. Alikuja mtaalamu wa kompyuta, dada mmoja mpole mwenye miwani, akatuonyesha fomu ndani ya simu. Fomu ikauliza: "Ungependa kufanya kazi siku zipi na saa zipi?" Wewe umelelewa na watu, unajua swali kama hilo linajibiwaje. Mgeni mwenye adabu akiulizwa atakula nini, husema, "Chochote tu." Hasemi anachokitaka. Ni juu ya mwenye nyumba kumtazama usoni, kukumbuka vidonda vyake vya tumbo vya mwaka jana, na kumpakulia kinachomfaa. Basi watu ishirini na watatu wa idara yangu, wote waliolelewa, waliandika neno moja: "Wowote." Siku yoyote, wakati wowote. Mmoja aliongeza "Mungu akipenda", lakini fomu ilikataa maneno matatu.

Mfumo ukayachukua majibu hayo na kuyaamini yalivyo. Haukumtazama mtu usoni. Dada wa miwani alifurahi mno, akasema popote alipopita hajaona wafanyakazi wanaojitoa namna hii, na nasikia hata wewe ulitutaja kikaoni kuwa mfano wa kuigwa. Mpwa wangu (samahani, Ndugu Mkuu), huko hakukuwa kujitoa. Ilikuwa adabu. Wiki ya pili tu mfumo ukampanga fundi wa boila zamu ya asubuhi siku ya harusi ya mwanawe mwenyewe. Alipolalamika, ukamwonyesha jibu lake mwenyewe: "Wowote." Alifika harusini watu wameshaanza kula, ananukia sabuni ya mashuka, na katika kila picha amesimama pembeni kama mtu aliyeleta viti. Picha hizo zimetundikwa sebuleni kwake na mkewe hataki kuzitoa.

2. Mfumo haujui nani hasemi na nani.

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili, wanalivuta, wanalikung'uta, kisha wanatembea kuelekeana mpaka vidole vinagusana. Mashuka mia moja na sitini kwa zamu ni kuelekeana mara mia moja na sitini. Sasa, ninao wakunjaji wawili, mmoja mrefu na mmoja mwenye mwanya, ambao hawakuwa wakisemeshana tangu mrefu alipomtazama mtoto mchanga wa mwenzake na kusema kwamba masikio yale ameyaona mahali. Kwa miaka sita niliwatenganisha kwa penseli: huyu asubuhi, yule mchana, na saa ya kupishana mlangoni natafuta sababu ya kusimama katikati.

Mfumo umewaweka meza moja, zamu moja, wiki nne mfululizo. Siku za mwanzo walikunja huku kila mmoja akitazama dari. Kisha mwenye mwanya akagundua kwamba pembe mbili za shuka zinaweza kufungwa kwenye kitasa cha dirisha, akawa anakunja na dirisha. Kitasa kimeng'oka, na taarifa yake naiambatanisha. Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba siku ya tisa, mashuka yakiwa mlima na kitasa hakipo, mmoja alisema, "Vuta basi," mwenzake akajibu, "Si navuta!" na tangu hapo hawajanyamaza. Wanacheka. Nikiingia wanaacha, nikitoka wanaanza upya. Utulivu nilioujenga kwa miaka sita umevunjwa kwa siku tisa, na sina shaka kwamba wanayemzungumzia ni mimi.

3. Mfumo una saa zake.

Zamu zetu zilikuwa mbili: ya asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa sita, na ya mchana, kuanzia saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni. Mtoto wa chekechea angezishika. Mfumo ulianza kwa kuandika 06:00, na mzee wetu wa mashine ya kukamulia, ambaye husoma kilichoandikwa bila kukisia, alifika saa sita kamili mchana, ameoga, amepumzika, anatabasamu. Akahesabiwa kosa. Hilo tulilisahihisha, lakini sasa tunapewa zamu za kuanza saa tatu na dakika arobaini, eti kwa kuwa wodi ya wazazi hutoa nguo chafu nyingi kuanzia dakika hiyo. Nilikwenda kuwauliza wakunga kama ni kweli watoto wanazaliwa kwa dakika. Walicheka mpaka mmoja akatafuta kiti. "Mzee," akaniambia, "tungezijua dakika si tungekuwa tunalala?" Naomba ushahidi huu uingizwe kwenye jalada.

4. Mfumo unagawa Jumapili sawasawa.

Najua huko juu mtaliona hili kuwa sifa, hivyo nitakwenda polepole. Jumapili ya mapumziko ni dawa, na dawa haigawiwi kwa kupanga watu mstari. Mimi nilimpa anayeihitaji: aliyefiwa, aliyepata mgeni, aliyegombana na mkewe, na yule aliyepatana naye juzi tu. Niliwajuaje? Walikuja mezani kwangu. Hakuna aliyeanza na shida yake. Alianza na salamu, akaja kwenye hali ya hewa, kisha akaniuliza goti langu linaendeleaje, maana wote wanajua niliteleza kwenye maji ya sabuni mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Baada ya goti ndipo shida ilipotoka, taratibu, nami nikashika raba.

Wapo watakaokuambia kwamba walioliuliza goti zaidi ndio waliopumzika Jumapili zaidi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, mimi sibishi. Nasema tu kwamba goti lililokuwa likiulizwa hali mara kumi na moja kwa siku, kwa miezi hii mitatu limeulizwa mara mbili, na mara moja kati ya hizo mimi ndiye niliyelitaja kwanza. Watu hawaji tena mezani. Kila mmoja anatazama simu yake, anaona Jumapili zake mbili kama za mwenzake, anairudisha mfukoni na kwenda zake. Hakuna mwenye deni la fadhila kwa mtu yeyote, na sijui tutaishije hivyo. Nasema kweli, inaniuma. Nilidhani wananipenda.

5. Mfumo umenipanga mimi.

Katika kupekua saa za watu, mfumo uligundua kwamba yupo mtumishi mmoja ambaye Alhamisi nzima hana kazi yoyote. Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa nikipanga zamu. Ukaniandika "rasilimali isiyotumika", maneno ambayo katika maisha yangu sijaambiwa hata na mama mkwe. Jumanne iliyofuata ukanipa saa nne za kusukuma toroli la nguo chafu kutoka wodini.

Nilisukuma, kwa sababu sijawahi kukaidi ratiba, hata niliyoitunga mwenyewe. Nilipita mbele ya wodi ya wanaume, mbele ya duka la dawa, mbele ya daktari wa meno aliyenisalimia kwa sauti ya kumpa mtu pole. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: lile toroli gurudumu lake moja linavuta kushoto. Kwa miaka saba wasukumaji wameniambia hivyo, nami kwa miaka saba nimewajibu wasukume kulia. Ni kweli linavuta kushoto, tena sana. Nimeandika ombi la gurudumu jipya na limepokelewa na mfumo, ambao unasema utanijibu.

6. Mfumo unataka kumfukuza Mama Pasi.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika. Hayo mengine ningeyameza na maji.

Mama Pasi unamjua hata kama hujui kwamba unamjua. Koti lolote jeupe unaloliona likipita huko juu limenyooka kola, limepita mikononi mwake. Amesimama mbele ya pasi ile ya mvuke miaka ishirini na miwili, mguu mmoja kwenye pedali, na joto la pale mimi huwa nalivumilia kwa muda wa kuuliza swali moja tu. Madaktari wanaomkaripia kila mtu wakifika kwake wanapunguza sauti. Alifiwa na mumewe miaka kumi na moja iliyopita. Anaishi na mama yake, ambaye kwa miaka minne sasa ana ugonjwa wa kusahau. Hana ndugu mwingine wa karibu, ana jirani.

Mimi nilifanya nini? Sikungoja fomu. Wiki ile ya msiba nilichukua penseli nikamwandika zamu ya asubuhi, na sijaifuta tangu hapo. Niliona mjane asirudi nyumbani gizani. Mama yake alipoanza kuugua nikaona uamuzi wangu umezaa mara mbili, maana mchana kutwa sasa atakuwa kando ya mgonjwa wake. Hakuniomba. Hajawahi kuniomba kitu. Kila Alhamisi nilipobandika karatasi alipita, akatazama jina lake, akasema, "Asante, mzee," akaenda kuvaa aproni. Hivyo ndivyo msimamizi anavyopaswa kuwajua watu wake, kabla hawajafungua kinywa. Nionyeshe mfumo unaoweza hilo.

Huo mfumo wenu, kwa kuwa Mama Pasi naye aliandika "Wowote", umekuwa ukimrusha kama mpira: leo asubuhi, kesho mchana, keshokutwa asubuhi tena. Mwezi uliopita akakosa kazini siku tatu. Mtu ambaye kwa miaka kumi na moja hakukosa zamu hata moja! Mfumo ukahesabu tatu, ukamwandikia barua ya mashtaka, na chini ya barua pameandikwa hivi: "Barua hii imetolewa na mfumo, haihitaji sahihi." Ndugu Mkuu, katika maisha yangu nimeandika barua tatu za kumshtaki mtu, na kila moja niliichana mara mbili kabla ya kuitia sahihi, maana mkono ulikataa. Naona mmepata njia ya kuandika bila mkono. Ijumaa hii, saa nne asubuhi, Mama Pasi ataketi mbele ya Kamati ya Nidhamu, na kanuni ya siku tatu inaruhusu afukuzwe kazi. Akifukuzwa, yeye na mgonjwa wake hawana pengine pa kuegemea.

Nilimuuliza kulikoni. Akasema, "Nyumbani tu, mzee." Sikuendelea, mtu mzima hachokonolewi. Tena sikuhitaji kuuliza, kwa kuwa jambo lenyewe linaonekana kwa macho. Alipokuwa na asubuhi zake hakukosa. Mmempa mchana, amekosa. Mgonjwa yuko peke yake mchana, yeye amefungwa huku kwenye pasi, siku tatu roho ikamshinda akabaki. Hata nyie wa ghorofa ya nne mnaweza kuifanya hesabu hiyo bila mashine.

7. Maombi.

Kwa kuwa nimeeleza kosa, ni haki nipendekeze adhabu. Naomba yafuatayo:

(a) Ijumaa, badala ya Mama Pasi, uitwe mfumo. Uketishwe, au uegemezwe, kwenye kiti kile cha mshtakiwa kisicho na mto, uonyeshwe picha ya Mama Pasi na kuulizwa, "Huyu unamjua?" Wajumbe wasiusaidie.

(b) Ukishindwa kujibu, upewe barua ya onyo, na barua hiyo iwe na sahihi ya binadamu mwenye jina na mama.

(c) Kwa kuwa unafanya kazi hapa, uingizwe kwenye ratiba kama sisi sote. Asubuhi tatu, mchana tatu, na Jumapili mbili kwa mwezi, maana unapenda usawa. Kompyuta yake ishushwe huku chini, iwekwe kando ya pasi ya mvuke. Ikizimia, tutajua ina mwili, tutaipepea na kuipa siku ya mapumziko. Isipozimia, ikunje mashuka.

(d) Kisha upewe likizo, siku ishirini na nane kwa mkupuo. Miezi mitatu haujaumwa, haujafiwa, haujachelewa, wala haujaomba ruhusa kwenda kumpeleka mtoto kliniki. Mtumishi wa namna hiyo mimi ningemtilia shaka. Wakati haupo, atahitajika mtu wa kukaimu nafasi yake. Daftari ninalo.

(e) Ikiwa hayo yote yatashindikana, basi Mama Pasi arudishiwe asubuhi zake zote, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa maandishi, na shauri la Ijumaa lifutwe. Hili la (e) naliomba kwa moyo wote. Mengine unaweza kuyapunguza, kama mtu anavyopunguziwa bei sokoni, lakini hili usilipunguze.

Nimeandika kwa heshima, hata katika mistari ambayo heshima haionekani vizuri. Nisalimie mama watoto wa katibu wako, ambaye nasikia amejifungua salama, pamoja na katibu mwenyewe, ingawa alinizuia mlangoni. Wasalimie wajumbe wa Kamati, yule mwenye kikohozi mwambie asiache dawa kabla hazijaisha. Mumeo na wanangu wote nawasalimu, mwambie mama yako nitakuja Jumapili ya pili, ndiyo niliyopangiwa. Dada wa miwani naye apate salamu zangu, na mfumo pia, kama una mahali pa kuzipokelea.

Ndimi, kazini msaidizi wako na nyumbani mjomba wako,

Msimamizi wa Zamu, Idara ya Kufulia
(ndiye yule wanayemwita Bwana Penseli)

Nyongeza baada ya sahihi, Jumatano hiyohiyo, saa tisa alasiri.

Barua ilikuwa imeshakunjwa. Kabla ya kuitia kwenye bahasha nilikwenda kwenye pasi nimsomee Mama Pasi kipengele cha sita na lile ombi la mwisho, ili ajue kwamba ana wa kumtetea. Leo yuko zamu ya mchana. Nilisoma kwa sauti, maana mvuke unapiga kelele, na yeye aliendelea na makoti yake kama kawaida. Nilipofika kwenye "asubuhi zake zote" aliinua mguu kwenye pedali, na chumba kikawa kimya.

"Mzee," akasema, "hizo siku tatu umezitazama?"

Sikuwa nimezitazama. Nilikuwa nimezihesabu tu, kama mfumo. Akatoa barua ya mashtaka kwenye mfuko wa aproni, akaikunjua juu ya koti la mtu, akaniwekea kidole. Siku zote tatu alizokosa ni zamu za asubuhi. Za mchana amefika zote.

Mama yake mchana analala. Jirani huketi na ushonaji wake mlangoni, na hakuna zaidi kinachohitajika. Akili za yule bibi huja asubuhi, jua likichomoza, na hukaa mpaka saa nne, siku njema mpaka saa tano, kisha zinakwenda. Kwa miaka minne, Jumapili nyingi nazo zikienda kwa walioliuliza goti langu, Mama Pasi alikuwa akitoka nyumbani mama hajaamka, na kurudi mama ameshaondoka ilhali amelala palepale kitandani. "Nikirudi saa saba ananiogopa," akaniambia. "Ananiamkia shikamoo, mzee. Mama yangu mzazi ananiamkia mimi shikamoo." Kisha mfumo, bila kujua lolote, ukampa mchana, na asubuhi moja mama yake akafungua macho, akamkuta pale, akamwita mwanangu. Alimwambia akae chini amsuke nywele. Asubuhi tatu kati ya zile alizopangiwa kazi bibi aliamka mapema, akamwita, na yeye akashindwa kuvuka kizingiti.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema, "Ulikuwa umeshaandika. Na uliandika kwa wema." Nikamuuliza, na mfumo je, si ulikuuliza waziwazi ungependa saa zipi? Akanitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mtoto mkubwa. Akasema, "Mimi nilidhani unauliza kwa adabu tu."

Mpwa wangu, nimeona haya. Barua nzima iliyotangulia naomba usiifuate. Mfumo usiitwe mbele ya Kamati, nitakuja mimi niketi kwenye kile kiti. Ombi la (e) naligeuza: Mama Pasi apewe mchana, Jumatatu hadi Jumamosi, na shauri la Ijumaa lifutwe. Kama una shaka, usiniulize mimi wala usitazame fomu. Shuka ngazi mwenyewe, umuulize yeye. Atakujibu kwamba wakati wowote ni sawa. Usiondoke, muulize tena.